Vijiti vya Waridi Ndani ya Viazi

Nakumbuka asubuhi ile kijijini Masereka, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka arusi yangu. Ilikuwa wakati wa vita. Askari walikuwa wanapanda kutoka bondeni, na lori la mwisho la kwenda mjini Butembo lilikuwa linapakia watu sokoni. Mchumba wangu alikuwa ananingoja huko Butembo, nami sikuwa na wazo jingine. Lakini shangazi aliyenilea alilipita lori, akaingia katika bustani ya masista.

Bustani hiyo masista wazungu waliipanda kabla sijazaliwa. Yalikuwa mawaridi ya kizamani, petali zimesongamana, harufu yake inashinda kwenye nguo. Kila bibi arusi wa parokia alichuma pale, na tangu masista waondoke shangazi ndiye aliyeyatunza. Nilisimama langoni, naangalia barabara, naangalia mgongo wake, roho haikai.

"Shangazi, gari inatuacha."

"Ituache. Batu bote banabeba magodoro na masufuria. Haya maua nani atabeba? Leta biazi."

Akakata vijiti, akavichomeka katika viazi vibichi ili visikauke njiani. Lori likaondoka bila sisi. Nililia kwa hasira, sikufichi.

Tukatembea. Kwenye kizuizi askari mmoja alimwaga kikapu chetu, akachukua viazi vyote vya kula, akavicheka vile vyenye vijiti, akatuachia. Jioni njaa iliniuma, nikaomba tuvipike. Shangazi akakikalia kikapu.

"Njaa itapita, mutoto. Hii ikiisha, hapana ingine."

Nilimchukia mpaka Butembo.

Baadaye tukasikia kwamba askari walipiga kambi bustanini, wakayakata mawaridi yote kuwa kuni. Yetu yalikuwa yameshashika mizizi nyuma ya nyumba ya mume wangu. Vita vilipotulia shangazi alirudi Masereka na vijiti katika kikapu kilekile, na mabibi arusi wa leo wanachuma tena pale.

Mimi bado sijatulia. Nikisikia magari mengi kwa pamoja nainuka, natafuta watoto. Sasa nawe umefunga mizigo, unasema mji wako wa Beni haukaliki. Nenda, sikuzuii. Lakini katika vyote utakavyobeba, kimoja kiwe cha kupandwa.

Mungu akufungulie barabara, kila kizuizi kikuachie upite, na udongo wa huko ukupokee. Kikapu cha viazi vyenye vijiti kiko mlangoni. Hata njaa ikikuuma, mwanangu, usivipike.