Windows Nilimwachia Neema

Acha nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Baba yangu, aliyeko kijijini Ngulyati, aliuza dume lake la ng'ombe ili ninunue kompyuta ya kuchimba sarafu za mtandaoni. Neema, jirani yangu mwenye stationery hapa Bariadi mjini, akanishauri niweke mfumo wa Windows niliouzoea. Nikambeza.

"Windows ni ya kuchapia kadi za harusi. Sisi wachimbaji tunatumia Linux."

Sisi wachimbaji! Linux yenyewe nilikuwa nimeisikia juzi, na kuipanga sikujua. Nikapakua ya bure kwenye kundi moja la mtandaoni, iliyokwisha kupangwa na mtu: ukiwasha tu, inachimba. Kioo cheusi kikajaa maandishi ya kijani, feni zikavuma, nami nikawa natembea sokoni kama meneja wa benki.

Miezi ikapita. Baba akaja kuona matunda ya dume lake. Nikamwita na Neema, ili aumbuke vizuri.

"Sasa hela ziko wapi humo?" baba akauliza.

Nikabonyeza palipoandikwa pochi, ndiko sarafu huingia, kwa mbwembwe zote. Ikatokea anwani ya barua pepe isiyo yangu.

"Huyu ni nani?" Neema akauliza.

Alikuwa yule aliyeipanga ile Linux. Aliacha pochi yake humo, na mimi sikuwahi kuweka yangu. Umeme nilipe mimi, sarafu zimwendee yeye! Ikabidi nimweleze baba hivyo hivyo, Neema akisikia.

Baba akanitazama sana.

"Mwanangu, hata anayechunga ng'ombe za watu huachiwa maziwa."