Mzee Melkiory na Orodha ya Darasa la Saba

Mzee Melkiory wa Kamuli anajua kila mgomba katika kibanja chake, na jina la mtu aliyempa chipukizi lake. Lakini mwaka huu kulikuwa na jambo moja ambalo hakulijua, nalo lilimtesa: kama mjukuu wake Vero atafanya mtihani wa darasa la saba au hatafanya.

Vero alihamia kwa babu yake mwezi wa kwanza, akitokea Songambele. Mwezi wa tatu akaleta habari kwamba wenzake wanasema jina lake halimo katika orodha ya watahiniwa. Akapandisha madaftari darini, akasema hana haja nayo tena. Na orodha ilikuwa ipelekwe wilayani siku ya Ijumaa.

Zamani habari ya namna hiyo ingemfuata mtu mlangoni kwake. Mwalimu alikuwa akikatiza migombani jioni, anapewa ndizi ya kuchoma, anasema mtoto wako ni mvivu wa hesabu, na mtoto mwenyewe amesimama palepale anasikia. Siku hizi habari za shule hupita katika simu za kupangusa, kwenye kundi la wazazi. Melkiory ana simu ya vitufe, na kazi yake kubwa ni kumulika.

Jumatatu akavaa koti, akaenda shuleni. Mwalimu mkuu, Placida, binti wa Muleba aliyehamia mwaka jana, alimwamkia shikamoo kwa adabu, akampa kiti. Wakaulizana habari za nyumbani, za mvua, za kahawa. Kisha Melkiory akanyamaza, akangoja.

Alikuwa akingoja akamwani. Kwa watu wa rika lake, mgeni hasemi kilichomleta mpaka mwenyeji ampe zile buni kavu zilizochemshwa, azitafune kwanza. Kutaja shida kabla ya akamwani ni kama kuingia nyumba ya watu kwa dirisha. Placida hakutoa kitu. Alidhani mzee amekuja kusalimia tu, akamshukuru kwa moyo wake wa kuipenda shule, akamsindikiza hadi kwenye mlingoti wa bendera.

Jumatano alirudi. Safari hii alipewa chai na andazi. Akanywa, akala, akangoja. Mwalimu akatazama saa, akamwambia wazee wa kujitokeza kama yeye wamekuwa adimu. Kwa hilo Melkiory alikubaliana naye kabisa. Akaaga.

Mkewe, Kokubanza, alikuwa akimenya ndizi aliposikia safari ya pili ilivyoisha.

"Sasa umekwenda kumtazama mwalimu wa watu mara mbili," alisema. "Majirani wataanza kunipa pole."

"Hajanikaribisha."

"Na chai yake umekunywa."

"Chai hupewa hata wakaguzi."

Kokubanza akaweka kisu chini. Akamkumbusha kwamba Ijumaa haina habari na adabu zake, na mtoto ameacha kusoma. Akaingia ndani, akatoka na konzi ya akamwani iliyofungwa katika jani la mgomba, akaitia mwenyewe katika mfuko wa koti la mumewe.

Ijumaa asubuhi Melkiory aliiweka mezani kwa mwalimu mkuu, uso umemshuka kama mtu aliyekwenda harusini na chakula chake.

"Mwalimu, hizi ni zako. Naomba unikaribishe."

Placida alifungua jani, akanusa, akacheka mpaka akashika meza. Alisema bibi yake kule Muleba angesikia haya, angemchapa. Kisha akamkaribisha mzee nazo kwa mikono miwili. Melkiory akatafuna taratibu, kama vile hakuna haraka yoyote. Ndipo akauliza.

Orodha ilikuwa kabatini. Waliipitia kwa kidole mara mbili: Vero hayumo. Fomu yake ya uhamisho ilikutwa chini ya rundo la ratiba za zamani, haijaguswa tangu mwezi wa kwanza. Placida hakucheka tena. Aliomba radhi, akaandika jina na tarehe ya kuzaliwa, kisha akageuza karatasi ili mzee aone mwenyewe.

"Mzee wangu, kuuliza habari za mtoto wako ni haki yako. Uliza siku ya kwanza, kabla hata hujakaa."

"Kabla sijakaa?"

"Kabla hujakaa."

Melkiory alisikitika kimoyomoyo kwamba binti aliyelelewa vizuri anaweza kusema hivyo. Lakini kwa kuwa alikwisha kukaribishwa, aliuliza na mengine yote: walimu wa hesabu ni wangapi, mkutano wa wazazi ni lini, na kwa nini orodha inafungiwa kabatini wakati kuta zipo. Mapumziko yakapita mwalimu hajanyanyuka. Alipomsindikiza mgeni wake, alibandika nakala ya orodha ukutani nje.

Nyumbani Vero alisikiliza akiwa amesimama. Akataka kujua kama babu ameliona jina kwa macho yake. Aliposikia ni namba arobaini na moja, alipanda darini bila kuambiwa.

Jioni Melkiory alimwita aende kisimani. Jibu likatoka ndani, bila haraka.

"Mimi ni mtahiniwa, babu."

Enzi za baba yake Melkiory, jibu hilo lingemgharimu mtoto chakula cha jioni. Mzee alisimama kidogo, akimtazama Kokubanza aseme neno. Kokubanza aliendelea kuchochea moto. Basi akachukua dumu, akateremka nalo kisimani kwa njia ya nyuma, ambako watu hawapiti sana.