Marudio ya Jumapili

Bodi yenye mamlaka ilitangaza, kwa barua yenye mhuri, kwamba tamthilia ya gerezani iitwayo Komeo inaondolewa hewani, kwa kuwa haikumpa mwananchi taarifa yoyote sahihi kuhusu maisha ya wafungwa.

Kwa haki, Bodi haikusingizia. Kila mlango wa selo ulipobamizwa, ukuta mzima ulitikisika. Mfungwa wa kifungo cha maisha alivaa saa ya mkononi. Masharubu ya mkuu wa gereza yalihama kidogo kila wiki. Hata hivyo, pale Mlola, Jumapili watu walitoroka kanisani kabla kabichi za sadaka hazijamalizika kunadiwa, wasije wakakosa marudio.

Evelina anazikumbuka Jumapili hizo kuliko sikukuu. Mumewe Tobia, dereva wa lori, alikamatwa na magogo ya msitu wa hifadhi akafungwa miaka minne. Aliporudi, majirani walimpa pole ya safari, kama wapewavyo wote watokao huko, na hakuna aliyeuliza safari ilikuwa ya wapi. Mkewe naye hakuuliza. Kwa miaka saba alimwona akilala ubavu, kajibana ukutani kama kitanda kina watu kumi.

Siku Komeo ilipotokea kwenye runinga yao, Evelina aliwahi rimoti azime. Tobia akamshika mkono.

"Iache, Mama Bryson. Huyo nyapara katoka wapi? Nyapara hapigi kelele. Anakutazama tu, unainuka."

Basi akafunguka. Akaisahihisha tamthilia kama mwalimu aliyeletewa mtihani mbovu: uji, hesabu ya asubuhi, barua zilivyosomwa na wengine kabla ya mwenyewe. Kadiri ilivyokosea ndivyo alivyosema. Sehemu moja ilitengenezwa vizuri, watu wakalia machozi ya kweli. Tobia aliitazama kimya hadi mwisho, akaenda kupalilia. Wiki nzima Evelina aliwaombea waigizaji wasije wakaijua kazi yao.

Kisha likaja tangazo, na Jumapili zikawa za kupumzika.

Tobia alifariki masika yaliyopita. Mwinjilisti Kristian alikuja kuandika historia ya marehemu, ile isomwayo makaburini. Alipofika kwenye miaka ile minne, kalamu ikasita.

"Tuweke alikuwa safarini, Mama Bryson. Ndivyo tunavyowaandika wote."

"Safari hiyo walilala ubavu, Mwinjilisti, hawageuki mpaka nyapara aseme. Andika."

Mwinjilisti aliangalia mlango, kama atakuja mtu wa kumwokoa. Hakuja. Akauliza, kwa sauti ndogo, walikuwa wangapi kwa safu.

"Arobaini na wawili."

Ilisomwa yote. Kuzaliwa na kipaimara vilipata mistari mitatu, ndoa miwili, gereza kumi na mmoja. Wazee wawili waliowahi kusafiri safari hiyo walisikiliza hadi mwisho, wakasahihisha rangi ya vikombe vya uji tu.