Moshi wa Jikoni kwa Mama Mkubwa

Kituo chetu cha umeme pale Mbinga kilikuwa banda la mabati lenye injini mbili za dizeli, na nyuma ya uzio wake alikaa mama mkubwa, dada wa mama yangu, aliyenilea baada ya mama kufariki. Mimi nilikuwa mwendesha mitambo, yeye mkulima wa kahawa. Nikimaliza zamu naruka mfereji, nakula ugali wake, kisha namlalamikia juu ya kazi. Zilikuwa enzi za soko huria. Redio haikuchoka kutaja mashirika yanayouzwa na wafanyakazi wanaopunguzwa, nami nikishashiba nilikuwa na tabia ya kutangaza kwamba zamu yangu ya kupunguzwa iko njiani. Alinisikiliza kuliko nilivyodhani.

Injini kubwa ilikuwa kuukuu, inatoa moshi mweusi tii, na upepo wa mchana uliupeleka moja kwa moja kwenye vichanja vyake vya kahawa. Zamani ushirika ulipokea kahawa bila maneno mengi. Sasa walikuja wanunuzi binafsi, wanachota kiganjani, wananusa, wanamwaga. Msimu ule walimrudishia gunia lake mbele za watu. Aliniomba nimweleze mkuu wa kituo arefushe bomba la moshi, nikamwitikia vizuri tu. Mkuu alikuwa mkali na mimi ni mwoga, kwa hiyo maneno yale hayakuvuka mdomo wangu.

Ndipo ikaja amri kwamba kila kituo nchini kitoe taarifa ya mafuta kinayochoma, ili wataalamu wakadirie hewa inayotoka kwenye mitambo na kuipasha dunia joto. Mtaalamu angekuja kutoka Dar es Salaam kuchukua hesabu, kuutazama moshi wenyewe na kuwauliza majirani. Katika yote hayo sisi tulielewa jambo moja: mgeni anakuja. Na kwetu mgeni hapokelewi kwenye masizi. Tukaosha sakafu kwa sabuni, tukapaka bomba rangi ya fedha, tukaagiza samaki, mbasa wa ziwani, kutoka Mbamba Bay. Siku yenyewe mkuu akaamuru injini kubwa ipumzishwe, iwake ile ndogo isiyo na moshi. Nusu ya mji ikakosa umeme ili mgeni asipaliwe, na hakuna kati yetu aliyeona ajabu. Tulikuwa kama mgonjwa anayeoga na kujipaka mafuta akang'aa kabla ya kwenda zahanati, halafu anashangaa akiambiwa mbona wewe mzima.

Mgeni alikuwa mtu mpole, mdogo kwa umri kuliko nilivyotarajia. Alichukua hesabu zake, akasifu usafi, na alipotoka nje akaviona vichanja ng'ambo ya uzio. Mama mkubwa ndiyo kwanza alikuwa anarudi kutoka kwenye ngolo, yale mashimo ya shambani ambamo sisi Wamatengo tunafukia nyasi badala ya kuzichoma. Miguu ilikuwa na udongo hadi magotini. Wanawake majirani walikuwa pale wakimsaidia kuchambua kahawa. Mgeni akamwamkia Shikamoo, akachota punje, akayaona madoa meusi. Akaeleza kwa utaratibu kwamba kituo kikionekana kinawaumiza majirani, ataandika, na kitatakiwa kirekebishwe. Kisha akauliza masizi yale yametoka wapi.

Mkuu alinitazama. Mama mkubwa naye alinitazama, mimi na ovaroli yangu niliyoipiga pasi kwa ajili ya mgeni. Akisema kweli, kahawa yake itapona. Lakini nilikuwa nimemlisha hofu yangu ya kupunguzwa kazi kila jioni pamoja na ugali wake mwenyewe. Muda wa mimi kujibu ulikuwepo, tena wa kutosha.

"Ni moshi wa jikoni kwangu, baba," alisema. "Nilianika karibu na mafiga. Uzee huu."

Asiyekulia Mbinga hawezi kujua alijisingizia nini. Kwetu, mwanamke anayeanika kahawa kwenye moshi wa jiko ni mzembe wa kutupwa. Atasemwa kwenye jumuiya, atasemwa kilabuni. Wale majirani waliinamisha vichwa, maana walijua jiko lake liko upande wa pili wa nyumba. Mgeni, kwa nia njema kabisa, akaanza kumfundisha namna ya kuanika kahawa, yeye aliyeianika kabla mgeni huyo hajazaliwa. Alimsikiliza mpaka mwisho, mikono ameikunja, akasema ahsante baba, nimesikia. Niliona aibu. Na bado nilikuwa naitikia kwa kichwa pamoja na mkuu, kama mtu anayeunga mkono somo.

Taarifa ikaenda safi. Kituo kisicho na malalamiko hakirefushiwi bomba. Mafundi na vipuri vikapelekwa kwingine, kwa watu waliosema shida zao. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema, na sisi mgeni alipokuja tukamwonyesha kwamba hatuumwi. Mimi nilibaki na kazi yangu. Mama mkubwa alibaki na jina la mzembe, na wanunuzi walipofika kwake msimu uliofuata hawakuhangaika hata kunusa.

Lakini kinachonirudia zaidi ni jioni ya siku ile. Mji ulikuwa unanung'unika gizani, mkuu akaniagiza niwashe injini kubwa, nikaiwasha. Nilipotoka nje moshi ulishaanza kuinamia uzio, na mama mkubwa alikuwa anahangaika kufunika vichanja kwa turubai. Nikaruka mfereji kwenda kumsaidia. Alinipa ncha moja ya turubai, tukaivuta pamoja, akaniuliza kama mgeni ameondoka ameridhika.

Nikamjibu kwamba ameridhika.

"Basi nenda ukale," akasema. "Nimekuwekea jikoni."

Nikaenda jikoni, upande ule wa pili wa nyumba ambako moshi wake usingeweza kuvifikia vichanja, nikakaa, nikala nikamaliza.