Wagonjwa wa Shamba la Majaribio

Jirani yangu hapa mtaa wa Free Area amefungua karakana ya majiko, na vijana wake huanza kugonga mabati kabla sijamaliza chai ya asubuhi. Majirani wengine wanalalamika. Mimi hukaa kimya, kwa sababu mlio ule hunirudisha upande wa Njoro, nikiwa mtoto wa darasa la tatu, debe kuukuu limening'inia shingoni, fimbo mkononi, nikifukuza ndege katika ngano.

Ilikuwa ngano ya majaribio. Baba yangu alikuwa nyapara katika kituo cha utafiti, na tuliishi kambini, katika nyumba ya kituo. Kazi ikiisha, na nyumba imeisha. Mzungu mkubwa wa pale tulimwita Bwana Kioo, maana alitembea na kioo cha kukuzia na kutwa alikuwa amepiga magoti shambani kama aliyeangusha sindano. Ngano ilipandwa vipande vidogo vidogo, kila kimoja na kibao chake. Kati ya vipande hivyo ilipita mistari ya ngano nyingine, dhaifu, iliyoliwa na kutu. Kutu ni ugonjwa wa ngano: unga wa rangi ya chungwa hufunika majani, na ukipita karibu unakupaka nguo. Wafanyakazi waliiita mistari ile wagonjwa. Amri ilikuwa moja tu, isiguswe. Sababu hakuna aliyeambiwa, hata Baba.

Mlinzi wa shamba lile alikuwa Baba Wanjiru, jirani yetu wa mlango wa pili, mtu mrefu mwenye koti la jeshi lililokatika mikono. Mimi kwake nilikuwa Karani, kwa vile nilisoma.

"We Karani! Ndege wanamaliza ngano ya serikali na wewe unaangalia mawingu?"

Halafu ananikatia nusu ya hindi lake la kuchoma. Siku moja alisimama mbele ya wagonjwa akatikisa kichwa. "Hawa wanalindwa kuliko mimi," alisema. "Mimi nikikohoa naambiwa nirudi kazini."

Mwaka ule haukuwa wa mzaha. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa kwa sababu ya Mau Mau, na malori yalikuwa yakipita katika mashamba ya wazungu yakichukua Wakikuyu, familia nzima nzima. Baba Wanjiru alikuwa Mkikuyu. Alibaki kwa sababu Bwana Kioo alimwamini. Sisi tulitoka Bungoma, malori hayakutuhusu. Hata hivyo, jioni kambi nzima iliongea kwa sauti ya chini.

Shuleni tulikuwa na somo la kilimo, na mwalimu wetu alilipenda kuliko hesabu. Wiki ile alitupeleka kwenye mahindi ya shule, akatuonyesha shina lililougua. "Mmea mgonjwa unafanywaje?" Tukaitikia kwa pamoja, "Unang'olewa! Unachomwa!" Nilirudi nyumbani kifua mbele. Nilikuwa nimegundua jambo ambalo kituo kizima hakikulijua.

Jumamosi, watu walipokwenda kupokea posho ya unga, Baba Wanjiru naye akaenda. "Karani, nakuachia serikali," akasema akicheka. Nikaweka debe chini, nikaanza kung'oa. Ardhi ilikuwa laini kwa mvua, mashina yalitoka bila ubishi. Nilimaliza mstari, nikashika mwingine, nikaburuta lundo hadi kwenye moto ambao Baba Wanjiru alichomea mahindi. Lilifuka moshi mzito kisha likashika. Nilijiona nikisifiwa mbele ya watu wote.

Bwana Kioo alifika kabla yao. Nilipoona uso wake nilijificha nyuma ya ghala. Baadaye kengele ya kambi iligongwa, tukapangwa uwanjani, wanaume mbele, na askari wawili wakaja kutoka kituo cha polisi.

"Nani nafanya hii?" Bwana Kioo aliuliza. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililotutisha. "Nani nakaa shamba?"

"Ni mimi, Bwana," akasema Baba Wanjiru.

"Peke yako?"

Akageuka, akanitazama. Kaptula yangu ilikuwa ya rangi ya chungwa kuanzia kiunoni hadi magotini. Najua aliiona.

"Peke yangu."

Baba naye aliiona. Alinishika bega, akanivuta nyuma yake, na vidole vyake havikuniachia. Nilikuwa na mdomo. Neno lilifika hadi kwenye meno likabaki hapo. Askari mmoja alisema ni Mau Mau, wanaharibu chakula cha serikali, na baada ya neno hilo hakuna mtu aliyeuliza lingine.

Lori lilikuja Jumatatu kumchukua Baba Wanjiru na familia yake. Mama Wanjiru alipandisha sufuria na kuku wawili waliofungwa miguu. Wanjiru, rika langu, alikaa juu ya godoro la nyasi akinipungia mkono kama anayekwenda kutembelea nyanya yake. Hatukupata kusikia walikopelekwa. Nyumbani, Mama aliifua ile kaptula mara mbili, na Baba hakulitaja jambo hilo hadi alipokufa.

Niliielewa mistari ile nikiwa kidato cha tatu. Mwalimu wa kilimo alichora ubaoni vipande vya ngano na mistari katikati. Ngano dhaifu, alieleza, hupandwa kusudi iugue, iwaambukize majirani zake, ili ijulikane ni mbegu gani itastahimili kutu. Wenzangu waliandika. Nikainua mkono.

"Mwalimu, na mtu akiing'oa?"

"Jaribio limeharibika."

"Halafu?"

Akanishangaa kidogo. "Halafu nini? Unapanda tena msimu unaofuata."

Akafuta ubao akaendelea na mbolea. Mimi sikuandika kitu. Miaka yote ile nilidhani nilikuwa nimeharibu jambo kubwa mno, ndiyo maana mtu akachukuliwa. Kumbe Bwana Kioo alihitaji mbegu na mvua nyingine tu. Ningesema "ni mimi," ningechapwa, pengine Baba angekaripiwa, na mwaka uliofuata wagonjwa wangeota tena mahali palepale, na Baba Wanjiru angekuwa amesimama mbele yao katika koti lake, akiwaonea wivu.