Abiria wangu wa kwanza alivunjika mkono, mimi nikaandika ni ngamia

Wakuu, asalaam aleikum, na wasio Waislamu habari zenu.

Haya ninayoyaandika yalitokea, wallahi, na aliyeyafanya ni mimi mwenyewe. Nina miaka themanini na kitu, naandika kwa kidole kimoja na macho ndiyo hayo tena. Mkiona makosa mnivumilie.

Juzi nimesoma uzi wa kijana aliyenunua boda. Ana siku tisa tu barabarani, anauliza kama anaweza kuanza kubeba watu. Wengi wenu mmemwambia aanze tu, atazoea hukohuko.

Niliweka simu chini nikasema hayanihusu. Siku ya pili nikausoma tena. Nimechoka kunyamaza, basi.

Nilikuwa dresa, kijana wa kufunga vidonda na kugawa dawa, katika zahanati moja hapa Garissa. Vita vya shifta, waasi waliotaka mkoa wetu uende Somalia, vilikuwa vimeingia mwaka wa nne.

Kwa wale wadogo: wakati ule huku kwetu huendi popote bila karatasi. Watu wa mifugo walikusanywa kwenye vijiji vya serikali, vimezungushiwa miiba, askari mlangoni. Saa kumi na mbili jioni ni kafyu. Ukionekana nje baada ya hapo, hakuna wa kusikiliza maelezo yako.

Zahanati ilikuwa na pikipiki moja nzito ya kupeleka dawa vijijini. Aliyekuwa akiiendesha anaitwa Mutua, Mkamba mwenye subira, akapata uhamisho wa kurudi Kenya. Ndiyo, huku tulikuwa tunasema hivyo, "kwenda Kenya", na wengine bado tunasema. Tuendelee.

Mutua alinifundisha siku nne uwanjani. Klachi, gia, breki. Akanionya mambo mawili: kwenye mchanga usiguse breki ya mbele, na usibebe mtu mpaka umalize miezi miwili. Nikamwitikia sawa, sawa, kama vijana wote.

Siku yangu ya kumi na mbili, dereva wa lori la maji akaniletea habari asubuhi. Dada yangu Halima, aliyekuwa kwenye kijiji kimoja upande wa barabara ya Dadaab, maili kumi na mbili hivi, alikuwa na uchungu tangu jana yake. Mtoto amelala mkingamo.

Gari la hospitali lilikuwa limekwenda Wajir, na lori la maji halikuwa la kurudi kijijini kabla ya siku mbili. Na mimi, hata na udresa wangu, singeweza kuingia alipo dada yangu anazaa. Mwanamume haingii.

Garissa nzima aliyeweza kumgeuza mtoto tumboni kwa mkono alikuwa mama mmoja, Shamsa. Sisi tulimwita Eddo, yaani shangazi, ingawa hakuwa shangazi yangu wa damu. Naye kwa desturi yetu alikuwa anakujibu kwa jina hilohilo, kwa hiyo na mimi kwake nilikuwa "eddo". Nusu ya watoto wa mji huu walipita mikononi mwake.

Tatizo ni kwamba karatasi yangu ilisema mtu mmoja, pikipiki moja, sanduku moja la dawa. Kubeba mtu lilikuwa kosa. Wangesema unasafirisha shifta, na hapo kazi imekwenda, labda na wewe mwenyewe umekwenda.

Eddo hakubishana. Alitoka mjini kwa miguu na wanawake wanaokwenda kuni, akapita kizuizi cha askari hivyohivyo na kamba yake begani. Mimi nikapita na karatasi yangu. Nikamkuta mbele, nyuma ya vichaka.

Sasa hapa ndipo kosa lilipo, wakuu. Someni polepole.

Eddo hakuwa amepanda pikipiki maishani mwake. Alikuwa mama wa heshima na mimi si mahram wake. Kunishika kiuno, haiwezekani. Kukaa kwa kupanua miguu, haiwezekani. Akakaa upande, miguu yote miwili kushoto, akashika keria.

Na mimi nikaona haya. Ningemwambiaje mama wa umri ule, "Eddo, nikumbatie"? Nikanyamaza.

Halafu akaangalia pikipiki, akasema, "Eddo, mnyama wako amelemewa upande mmoja."

Alikuwa sawa, kwa ngamia. Ukimpakia ngamia kushoto, lazima umpakie na kulia, la sivyo mzigo unateleza na kumchuna mgongo. Mimi nimezaliwa kwenye ngamia, nikaona ni akili kabisa. Tukalitoa sanduku la dawa juu ya keria, tukalining'iniza kulia kwa kamba yake ya kuni. Alifunga yeye mwenyewe, fundo la kupakia ngamia, halilegei.

Pikipiki ikasimama wima vizuri mno. Tukairidhia wote wawili.

Mutua angetuona angelia.

Barabara iliyonyooka tulikwenda salama. Nilimsikia nyuma anasoma dua. Nikaanza hata kujisikia, nikaweka gia ya tatu.

Tukafika kwenye laga, mto mkavu, unateremka kwa kona halafu ni mchanga mtupu. Ngamia akiteremka, aliye juu yake huegemea nyuma. Eddo akaegemea nyuma, tena upande wa nje wa kona. Gurudumu la mbele likawa jepesi, stiaringi ikawa haina maana. Sanduku likaanza kubembea.

Nikashikwa na woga. Nikakamata breki ya mbele kwa nguvu zangu zote.

Mimi nilichubuka goti. Ni hilo tu. Mchanga ni laini kwa anayeanguka ameshika kitu.

Eddo aliangukia mkono wa kulia. Ule wa kazi. Nilipofika alikuwa amekaa, ameushika kwa kushoto, anautazama. Kifundo kilikuwa kimegeuka. Mimi ni dresa, sikuhitaji kuambiwa.

Nililia, sitaficha. Nilijua nimemuua dada yangu.

Eddo akasema, "Funga hii, eddo. Halima hangoji umalize kulia."

Nikavunja ubao wa sanduku, nikamfunga kwa bandeji. Nikadhani tutatembea. Akasema amsha chombo. Akapanda, safari hii kama mwanamume, akanizungushia mkono wa kushoto kiunoni na kunibana. Sanduku likarudi juu ya keria, katikati, nyuma yake.

Tulikwenda gia ya pili mpaka kijijini na pikipiki haikuyumba hata mara moja. Nilihisi pumzi yake mgongoni, anaumia, lakini nikiinama anainama. Maili nne. Ingekuwa hivyo tangu mwanzo.

Mlangoni askari alitazama mkono wake, akatazama pikipiki, akasikia sauti ya Halima kutoka ndani. Akafungua bila kuuliza. Mungu amlipe popote alipo.

Mimi nilikaa nje na shemeji yangu. Eddo alimgeuza yule mtoto kwa mkono wa kushoto, mkono ambao haukuwahi kufanya kazi hiyo. Ilichukua muda mrefu sana. Kabla ya alasiri tukasikia mtoto. Wa kike. Halima akaishi, mtoto akaishi, leo ni bibi wa watu.

Mngependa niishie hapo. Hata mimi.

Nilirudi mjini peke yangu kuiwahi kafyu. Siku ya tatu Eddo alirudishwa na lori la maji, akaja zahanati. Karani aliyekaa karibu nami, mtu wa maswali mengi, akamuuliza mkono umefanya nini.

Eddo akajibu, "Nimeanguka kutoka kwa ngamia."

Karani alicheka mpaka akakohoa. Mwanamke wa Kisomali, aliyezaliwa na kukulia nyuma ya ngamia, aanguke! Mnaelewa aibu hiyo? Ni kama kusema mvuvi amezama kwenye beseni.

Eddo hakunitazama. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu na kitabu cha wagonjwa kilikuwa mbele yangu. Nikaandika: ameanguka kutoka kwa ngamia.

Mkono ulipona umepinda, vidole havikufunga tena. Miezi michache wanawake bado walimwita, kwa heshima. Kisha wakaacha. Akawa anauza maziwa sokoni, na watu wakipita wanamtania: Shamsa, leo umekuja kwa miguu? Anacheka nao. Miaka hiyo yote nilinunua maziwa kwake, na hatukuzungumzia jambo lile hata siku moja.

Vita viliisha. Hakuna tena wa kunifunga. Bado sikusema. Mwanzo ilikuwa hofu, baadaye sijui ilikuwa nini. Eddo amefariki zamani, Allah amrehemu.

Mwezi uliopita kulikuwa na harusi ya mjukuu wake. Mwanawe wa kwanza, naye sasa mzee mwenzangu, akasimulia wageni habari ya mama yake kuangushwa na ngamia. Harusi nzima ikacheka.

Na mimi nilicheka.

Kwa hiyo kijana wa boda: miezi miwili usibebe mtu. Ukimbeba, mwambie akae vipi na ashike wapi, hata kama ni mama mkwe wako, hata kama unaona haya kiasi gani. Mzigo weka katikati. Na ujue ukianguka, wewe una pa kushika, yeye hana.

Hilo la pikipiki nalijua. Nisilolijua ndilo naomba mnichangie, na matusi pia nitapokea. Namba ya yule mwanawe ninayo hapa. Nimeandika kwenu kwanza kwa sababu hamnijui. Nikimpigia na akaitika, "Naam, adeer," yaani ami, mimi naanzia wapi?