Shavu la Mama Mchanja Mapapai

Tulichanja na Mama Mathe mapapai mabichi kwenye shamba moja karibu na Beni, tukikinga maziwa ya matunda hayo, yaani utomvu mweupe, kuyapeleka kiwandani. Maziwa hayo yalimla vidole. Ngozi iliwaka, ikapasuka, ikapona, kisha ikawaka tena, na hata mwaka wa uhuru haikupumzika. "Mama, ngozi inajishona kila mara, lakini inashona ovyo," muganga wa dispensari alimwambia. Ikawa nene, ngumu, inayong'aa. Vidole havikunjiki, havisikii moto wala baridi. Basi alipima kila kitu kwa shavu: uji, kitenge kipya, na paji la uso la mwanawe Mathe, hata Mathe alipokwisha kuota ndevu. Alikuwa akiinama, analaza shavu, kisha anasema, "Homa iko," ao, "Homa hapana."

Mwaka wa sitini na nne waasi walimuua Mathe barabarani. Tulimletea mwili wake juu ya mlango uliong'olewa. Hakulia. Aliweka vile vidole kifuani kwa mwanawe, akaviondoa. Akainama, akalaza shavu juu ya paji lake, akakaa hivyo mpaka sote tukatazama chini.

"Homa hapana," alisema.